BETRI YA USHIRIKA IMEKUFA, NA TUMEIUA SISI WENYEWE

(Maongezi ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani siku ile. Anayesoma asome kwa sauti ili na mwenzie asikie.)



Mwenyekiti amenipa nafasi nieleze habari ya trekta. Wote mnajua kwamba mvua za kwanza za masika zilinyesha trekta letu likiwa limesimama bandani kama jiwe. Walioandikisha majina kwenye daftari la kulimiwa, wengi walirudi kwenye jembe la mkono. Wengine walikodi trekta za watu kutoka Mkata na Korogwe kwa fedha ya kukopa. Wengine shamba la pili hawakuligusa kabisa. Mama mmoja mjane alikuja mpaka mlangoni kwangu akaniambia, "Katibu, fedha yangu ya hisa imelala kwenye lile banda." Sikuwa na jibu. Leo ninalo jibu, ila si zuri kwangu mimi.

Yamesemwa mengi hapa kijijini. Wapo waliosema dereva kauza dizeli. Wapo waliosema injini imekufa na viongozi wanaficha. Ndugu zangu, injini ni nzima. Dereva hana kosa hata moja. Kilichokufa ni betri, na betri haikufa kwa siku moja. Niliiua mimi kwa kutoa ufunguo, tukaimalizia wote kwa pamoja.

Nitaeleza ilivyokuwa. Mnajua nguzo za umeme hazijafika upande wetu huu. Umeme unafuliwa pale Hale, wilaya ya Korogwe, tangu mwaka 1964, lakini ofisini kwetu tunategemea paneli za sola na betri zake mbili. Betri hizo zilianza kuchoka mwaka jana. Taa zinawaka saa moja, mbili, zinafifia. Mzani wa kidijitali unazima katikati ya kupima ufuta. Basi siku ya mpira wa Simba na Yanga vijana walinijia: "Katibu, tuazime betri ya trekta usiku huu tu." Mie nami ni mtu wa mpira. Nikatoa ufunguo.

Tukaangalia televisheni mpaka usiku. Asubuhi dereva akawasha trekta, likasema kwe, kwe, kwe, likanyamaza. Tukalisukuma kwenye ule mteremko wa kisimani, likawaka. Tukacheka. Tukaona kumbe hakuna neno! Wiki iliyofuata tukaichukua tena, kwa taa za msibani. Kisha tukaichukua kwa darasa letu la jioni la watu wazima, na hapo mwalimu ni mimi. Kila mara tunaifungua, tunaitumia mpaka inakauka, tunairudisha, tunasukuma. Kazi za trekta zilipoisha likaegeshwa, na ile betri ikabaki bandani tupu, miezi miwili na zaidi. Nilipoona maji yake yamepungua, nikaongeza. Niliongeza maji gani? Ya kisima chetu, haya haya yenye chumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Nilidhani nafanya wema.

Mvua ilipoanza tukaipeleka mjini kuchajiwa usiku kucha. Kijana fundi akaiacha itulie saa kadhaa, akaipima kwa mita, ikasoma volti 10 na nusu. Akaniuliza, "Mzee, unajua hesabu?" Nikamwambia mimi nilijifunza kusoma ukubwani, lakini hesabu najua. Akanionyesha: betri ya volti 12 ina vyumba sita ndani, ndiyo maana ina vizibo sita juu. Kila chumba kikiwa kizima na kimejaa kinatoa kama volti 2.1. Mara sita ni 12.6. Ukiona 10.5 baada ya kuchaji sawasawa, toa moja kwa nyingine: pungufu ni 2.1. Chumba kimoja kimekufa. Na chumba kimoja kikifa betri yote ni mzigo tu, huwezi kubadilisha chumba peke yake.

Hesabu hii nimeiandika ubaoni darasani. Kila mwanakisomo aifanye, kwa sababu mita hizi siku hizi zinauzwa kwa bei ndogo na ushirika utanunua moja. Betri ipumzike saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, ndipo upime. Ikisoma 12.6 au zaidi kidogo imejaa. Ikisoma 12.2 ipo nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha, na kuendelea kuitumia hapo ni sawa na kumkamua ng'ombe damu. Trekta likiwa linanguruma, mita hiyo hiyo isome kama 14. Ikisoma 12 na injini inazunguka, basi oltaneta haichaji, na ukinunua betri mpya nayo itakufa vile vile.

Sasa ndani ya betri kuna nini? Mfaransa mmoja aitwaye Gaston Planté, mwaka 1859, alichukua sahani za risasi akazitia ndani ya asidi, akaona zinaweza kutunza umeme na kuutoa tena. Risasi ninayosema hapa ni yale madini laini mazito, siyo risasi ya bunduki, ingawa jina ni moja. Mpaka leo betri zetu ni hiyo hiyo kazi yake. Ukitumia umeme, asidi inaingia kwenye sahani na kufanya utando kama chokaa, na maji ya ndani yanabaki mepesi. Ukichaji, utando unayeyuka na asidi inarudi majini. Lakini ukiiacha tupu wiki kwa wiki, ule utando unakauka na kuwa mgumu kama ukoko wa sufuria ya ugali uliolala. Hapo hata ukichaji usiku na mchana haubanduki. Ndicho kilichotupata pale bandani.

Na betri hupungua hata ukiiacha bila kuigusa, tena kwenye joto hupungua haraka zaidi. Kwa hiyo trekta likiegeshwa, betri ifunguliwe waya, na kila mwezi ichajiwe. Joto lenyewe pia huila. Mafundi wana kanuni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25, umri wa betri unakatika karibu nusu. Tazameni lile banda letu la bati saa nane mchana. Betri tutaiweka ofisini, kivulini, penye dirisha la hewa, juu ya ubao. Mzee mmoja aliniambia tusiiweke kwenye sakafu ya saruji, itanyonywa umeme. Habari hiyo ilikuwa na ukweli kwa betri za zamani zenye makasha ya mbao na mpira, lakini kasha la plastiki halinyonywi na sakafu. Tunaiweka juu ili watoto na maji ya mvua yasiifikie, basi.

Hapa nataka niwaeleze jambo lililonifungua macho, na sikulipata kwa fundi wa trekta. Nililipata kwa wavuvi. Mwezi uliopita nilikwenda Kipumbwi, wilaya ya Pangani, kwenye arobaini ya mama mkwe wangu. Shemeji yangu kule anavua dagaa usiku kwa taa. Zamani walitumia karabai; siku hizi wengi wana taa za umeme zinazokula kidogo, na betri. Chombo chake kina injini ya kuwashwa kwa stata. Nikaona betri mbili zimefungwa kwa mikanda ndani ya sanduku la mbao, kila moja na waya zake. Nikamuuliza, "Shemeji, mbona mbili? Moja haitoshi?"

Akanijibu, "Hii ni ya kuwashia mashine. Haiguswi na taa, haiguswi na redio, haiguswi na simu ya mtu yeyote hata awe nahodha. Ile ndiyo ya taa. Ile ikiisha tunakaa gizani, lakini tunarudi nyumbani. Ninyi wa bara betri ikikata mnasukuma. Mimi huku nisukume nini, maji?"

Nilinyamaza. Nikaukumbuka ule mteremko wetu wa kisimani, na kicheko chetu.

Akanieleza, na baadaye yule fundi wetu akathibitisha, kwamba betri hizi ni aina mbili hata kama kwa nje zinafanana. Ya kuwashia injini imetengenezwa na sahani nyembamba, nyingi, ili itoe nguvu nyingi sana kwa sekunde chache, kisha oltaneta iirudishie mara moja. Haikuumbwa kukaushwa. Ukiikausha mara kwa mara, zile sahani nyembamba zinabomoka na kushuka chini kama udongo. Ya taa na sola ina sahani nene. Hiyo hutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi, na huvumilia kushuka, lakini nayo isishushwe kupita nusu ukitaka ikae miaka. Sisi tulichukua mkimbiaji wa mita 100 tukambebesha gunia la mahindi kutoka hapa mpaka Korogwe.

Hebu tupige hesabu ya usiku ule wa mpira. Televisheni na dishi lake, tuseme vinakula wati 60. Wati gawanya kwa volti: 60 kwa 12 ni ampea 5. Kwa saa nne ni 20. Taa nne za wati 10 kila moja ni wati 40, yaani ampea 3 na kitu, kwa saa nne ni kama 13. Jumla 33. Kiboksi cha kugeuza umeme, ile inveta, nacho kinakula chake, kwa hiyo weka kama 40. Betri ya trekta iliyoandikwa 80 tukaitoa nusu nzima kwa usiku mmoja, halafu asubuhi tunaidai iwashe injini ya dizeli. Na darasa la jioni siku tatu kwa wiki? Kamilisheni wenyewe.

Sasa matunzo. Mengi ni madogo na hayataki fundi, yanataka mtu na siku. Kila mwezi vizibo vifunguliwe, maji yatazamwe. Yazifunike sahani na kupita juu kama upana wa kidole. Yakipungua, ongeza maji safi ya betri ya dukani, yale yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa. Siyo ya kisima, siyo ya bomba, siyo ya mvua yaliyopita kwenye bati. Wala usiongeze asidi! Kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji, asidi inabaki. Dukani chupa hizi mbili hukaa pamoja, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kumwaga; na hii ndiyo faida moja ya kisomo ambayo haina mjadala. Ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji, na ukijaza kabla yatafurika. Ila kama sahani zimeonekana kavu, ongeza kwanza kidogo mpaka zifunikwe.

Betri zisizo na vizibo, zilizofungwa moja kwa moja, msizipasue kutafuta pa kutia maji. Kuna kijana wetu alitumia bisibisi. Hizo unasafisha juu na kupima tu.

Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Asitokee mtu na kibiriti wala kibatari kuchungulia maji kwenye vizibo. Sigara mbali. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo, na ikiingia jichoni endelea kuosha huku unapelekwa zahanati. Unapofungua waya anza na ule wa hasi, mara nyingi mweusi. Unapofunga, huo uwe wa mwisho. Sababu yake ni kwamba mwili wa trekta umeungwa na hasi, na spana ikigusa chuma wakati unalegeza chanya, utaona cheche ambayo hutaisahau. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye ncha za betri ni ukinzani. Unafanya nguvu isipite. Usugue kwa brashi na maji yenye magadi, vizibo vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Kausha, kaza, paka grisi.

Zile mbili za ofisini hali yake iko hivi. Moja ni mbovu, nyingine ina uhai kidogo. Wajumbe wawili wa kamati walishauri tununue moja mpya tuiunge na ile yenye uhai, tuokoe fedha. Nami niliunga mkono, lakini nimebadili mawazo. Betri mpya ukiiunga na kuukuu, kuukuu inaivuta mpya mpaka zinalingana kwa ubovu. Ni kama kumfunga punda mzima na mgonjwa kwenye mkokoteni mmoja. Zibadilishwe zote mbili siku moja, za aina moja na ukubwa mmoja. Ile yenye uhai itabaki peke yake kwa taa moja ya mlinzi wa ghala, mpaka ichoke. Vijana wameuliza juu ya betri za lithiamu. Ni nyepesi, zinakaa muda mrefu, lakini ni lazima kontrola ya sola iwe imepangwa kwa ajili yake, na bei yake kwa sasa inatuzidi. Tusikimbilie.

Kuhusu kununua, tumewahi kuumia. Betri iliyopita tulinunua kwenye duka moja mjini, na lebo yake inang'aa kabisa. Baadaye fundi akatusomea alama ya tarehe: ilikuwa imekaa rafuni zaidi ya mwaka bila kuchajiwa. Tulinunua mzee aliyevalishwa kanzu mpya. Safari hii wataenda watu watatu: Mweka Hazina, dereva, na mama mmoja atakayechaguliwa na akina mama. Watakwenda na mita. Ikisoma chini ya 12.4 wasilipe. Waulize tarehe, wachukue risiti yenye jina la ushirika na karatasi ya dhamana.

Limebaki la hizi mbovu. Juzi alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na baiskeli, akatoa bei. Kuna mwenzetu pia alitaka apewe moja aipasue, ayeyushe risasi, akauze chubwi za nyavu kule pwani. Nimekataa yote mawili, na nimesikia nimeitwa mchoyo. Nisikilizeni. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Mombasa, kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilianza pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na moshi na maji yake yakaingia kwa majirani. Watoto wakaugua, mimba zikaharibika. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale, Phyllis Omido, alipimiwa mtoto wake mchanga akakutwa na risasi mwilini. Akasimama, wakapigania mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hiyo fedha hairudishi akili ya mtoto. Risasi ikimwingia mtoto inamdumaza ubongo, na haina harufu wala ladha ya kukuonya. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni hiyo risasi. Ukiyeyusha jikoni, unawalisha wanao.

Kwa hiyo mbovu zote zitakwenda nzima, zimesimama wima, zisimwage asidi, mpaka kwa muuzaji mwenye kibali anayezichukua na kupunguza bei ya mpya. Kwa sasa zipo chumba cha nyuma cha ofisi, nimepiga kufuli. Ufunguo hauko kwangu. Nimemkabidhi Mwenyekiti mbele yenu, kwa sababu mimi nimeonyesha nikiwa nao nafanya nini.

Ndugu wanachama, mkutano ulikubali hivi. Betri ya trekta ni ya trekta, haitatoka bandani wala ofisini kwa mpira, kwa msiba, kwa darasa, wala kwa Katibu. Darasa la jioni litasimama mpaka betri za sola zibadilishwe. Tutasoma Jumamosi mchana. Kila mwezi, tarehe moja, watu wawili wa zamu watapima na kuandika kwenye daftari la betri: tarehe, volti, maji yaliyoongezwa, jina. Daftari litaning'inia msumarini hapa hapa chini ya tangazo hili, ili kila mtu asome. Fedha ya kuanzia itatoka kwenye ada ya kuchaji simu, na pungufu tutachangia kwa hisa. Mjane niliyemtaja na wengine waliokosa kulimiwa watatangulia kwenye daftari la vuli, wala hawatalipa mchango huu.

Zamu ya kwanza ni yangu mimi pamoja na dereva. Tunaanza tarehe moja, saa mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Anayetaka kujifunza kusoma mita aje wakati huo.

Katibu